Dishi Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Kile kisanduku cha mtandao wa laini ya simu, chenye taa nyekundu, bado kipo. Nakiegemeza kwenye mlango wa jiko usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo hakijawahi kuniangusha.

Kwa ambaye leo ndiyo kwanza ananisoma, mimi ni Mama Gerson wa Makote, juu huku Newala. Naishi na mjukuu wangu Loveness, mtoto wa marehemu binti yangu Esther. Alirudi kwangu na mwanawe Anastasia mgongoni, ndoa yake ya Tandahimba ilipomshinda. Akapata kazi ambayo sikujua kama ipo duniani. Anakaa chumbani kwangu, anavaa vile vya masikioni, anawasikiliza wazee wa uwanda huu wakimweleza daktari wa Dar es Salaam kinachowauma. Mzee anasema Kimakonde, Loveness anampa daktari kwa Kiswahili. Daktari anajibu, Loveness anamrudishia mzee.

Kimakonde hicho nilimpa mimi, pamoja na uji.

Kazi hiyo haitaki mtandao wa kubahatisha. Mzee akiwa anaeleza kifua kinavyombana, mtandao ukafa katikati, nani atamsikia? Ndiyo maana msimamizi wake, Bwana Anselmo, alimpa muda wa majaribio mpaka Ijumaa. Akishindwa, kazi anapewa mwingine. Na kazi ikiondoka, Loveness anahamia Dar kwa mjomba wake Gerson, yeye na mtoto. Mimi nabaki na kuku.

Mtandao wenyewe sina haja nao, wasomaji wangu. Nilitaka mtoto abaki.

Wiki iliyopita mliona kisanduku cha laini kilivyotuaibisha. Asubuhi kinakimbia vizuri. Watu wakishatoka shamba, kila mmoja akafungua simu yake, kinakuwa kama bomba moja la kijiji: ndoo ni nyingi, maji ni yale yale. Loveness alikuwa anamwona daktari mdomo wazi, amesimama kama picha ya ukutani.

Tukamwita Vitalis, fundi wa Masasi. Alipanda na bomba refu la chuma na antena.

"Mama, mtandao wangu unarushwa kutoka mnara ule wa kule," akasema. "Antena hii lazima iuone mnara, kama watu wawili wanavyotazamana."

"Na hapo ulipo unaona nini?"

"Mikorosho."

"Basi macho yako ni mazima."

Akacheka kidogo. "Tukikata huu, na huu, na ule pale..."

"Huu ni wa wifi yangu. Ule ni wa mpwa wa marehemu mume wangu, alirithi kwa mjomba wake kama ilivyo kwetu. Wangu ni huo mmoja, na ndio unaotununulia chumvi. Sasa anza kukata, uone watakaotoka majumbani."

"Ah, mama. Nyumba ni yako, miti yote ni ya watu?"

"Ndiyo maisha yetu hayo."

Akasema basi tusimamishe bomba liipite miti. Likasimama. Upepo wa alasiri ukaja, bomba likalala juu ya banda la kuku. Jogoo alipona. Vitalis alikusanya vyuma vyake, akanywa maji, akashuka Masasi bila neno.

Ikabaki faiba.

"Faiba ni uzi mwembamba wa kioo, bibi," Loveness akanieleza. "Hauulizi miti, hauulizi upepo, hauulizi watu wangapi wako kwenye simu. Ni kama kuwa na bomba lako peke yako, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye sufuria."

"Waambie watuletee basi!"

Akapiga simu kwa watu wa faiba Masasi, akaweka sauti nje na mimi nisikie. Dada aliyepokea alikuwa na adabu.

"Mko wapi, mama?"

"Makote," nikasema.

"Makote ya Newala?"

"Unaijua nyingine?"

"Mama yangu, sisi tunaishia hapa mjini. Nguzo zetu zikifika huko, tutawapigia."

"Nguzo zipo. Zimefika siku nyingi."

"Hizo ni za umeme, mama."

Alicheka. Hakucheka vibaya. Alicheka kama mtu aliyechoka kama mimi.

Jioni Gerson akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mtandao umepatikana?"

"Unatafutwa."

"Unatafutwa kama mbuzi aliyekata kamba?" Halafu akashusha sauti. "Mama, sikuchokozi. Huku ninakokaa faiba inafika mpaka kwa muuza chipsi. Ijumaa ikishindikana, Jumamosi Loveness apande basi. Nimeshamwandalia chumba."

"Na Anastasia?"

"Mtoto ataachwa na mama yake? Mama, mimi ndiye mjomba. Nisiposema mimi, aseme nani?"

Kwetu mjomba akisema juu ya mtoto wa dada yake, amesema. Hata baba mzazi anakaa pembeni. Sasa mimi niliyemzaa huyo mjomba nianzie wapi kumpinga? Nikamwambia haya, tutaona Ijumaa. Nikaenda kuketi jikoni, miguu inaniwaka.

Ndipo akaja Bwanali.

Bwanali ni mfanyabiashara wa kuvuka Ruvuma. Anapeleka Msumbiji hiki, anarudi na kile. Alifika na pikipiki, nyuma amefunga kitu ndani ya blanketi kama mgonjwa.

"Shikamoo, Mama Gerson. Nasikia unatafuta mtandao kama wengine wanavyotafuta mganga."

"Marahaba. Kama umekuja kucheka, wenzako wameshacheka."

"Nimekuja kukutibu." Akafungua blanketi.

Lilikuwa dishi jeupe, bapa, kama sinia la pilau la msibani, lina mguu mmoja na waya mrefu.

"Hili halitaki mnara, halitaki nguzo, halitaki kutazamana na mtu," Bwanali akasema. "Linatazamana na setilaiti huko juu. Linataka mbingu tu."

"Mbingu tunayo," nikasema. "Maji ndiyo hatuna."

Akataka kupanda juu ya bati alitoboe, alifunge huko. Nikamshika shati. Bati zangu hazitobolewi. Mvua inashuka kwenye bati, inapita mfereji, inaingia kisimani, na hayo ndiyo maji yetu ya kunywa mwaka mzima. Nikamwonyesha mfuniko wa saruji wa kisima katikati ya uwanja, ambako hakuna tawi la mtu. Akaliweka hapo, kando ya mdomo wa kuchotea. Likajigeuza lenyewe, likainama kidogo, likatulia. Anastasia akaliamkia.

Loveness akashika simu, akatazama, akaziba mdomo.

"Bibi! Linaishinda faiba ya chuoni kwetu!"

Akanikumbatia, akanizungusha, mgongo wangu ukalia. Sikujali. Halafu akatulia, akamgeukia Bwanali.

"Kaka Bwanali, limesajiliwa hili?"

"Limesajiliwa sana. Ng'ambo, kwa jina la shemeji yangu."

"Na huku?"

"Huku halijui kama limevuka mto."

Loveness hakucheka. "Bibi, masharti ya kazi yamesema faiba, au dishi lililosajiliwa hapa nchini. Lililovushwa mpaka hawalitaki. Wanayosema wagonjwa ni siri zao, hawataki zipite njia isiyojulikana."

"Ijumaa ipite kwanza," nikasema. "Kusajili tutasajili baadaye."

"Bibi."

"Ipite kwanza, mama yangu. Nimechoka."

Bwanali akaondoka na malipo yake, mbuzi wangu jike na mwanawe, wamekaa kwenye pikipiki kama abiria. Sikuwatazama mpaka walipokata kona.

Ijumaa ikafika.

Asubuhi Loveness alivaa gauni lake la kanisani, ingawa ni uso tu utakaoonekana. Mtihani ulikuwa hivi: mgonjwa wa kweli, daktari wa kweli, na Bwana Anselmo akisikiliza. Mgonjwa alikuwa bibi wa kijiji cha Mnyambe mwenye mguu uliovimba, na muuguzi wa zahanati ya kwao alimshikia simu.

Nikampeleka Anastasia kwa jirani. Nikawafungia kuku. Nikaketi kwenye kizingiti cha chumba, nisikie sauti ya Loveness, maana sauti yake anapozungumza Kimakonde ni ya mama yake mtupu.

Alikuwa anakwenda vizuri. Bibi wa Mnyambe anaeleza, Loveness anageuza. Daktari anauliza, Loveness anamlainishia.

Nje nikasikia mashine ikinguruma. Ni Sadallah, anapulizia salfa kwenye mikorosho ya wifi yangu. Sadallah ni Mmakua, mtani wangu, na siku ya Ijumaa hukimbiza kazi ili awahi msikitini. Nilitoka mara moja, nikafunika mdomo wa kisima kama kila mwanamke wa huku anavyofanya msimu wa dawa, nikaanua nguo, nikarudi kizingitini na kanga puani. Unga wa njano ulishaanza kushuka.

Mara Loveness akanyamaza.

"Bibi wa Mnyambe?" akaita. "Daktari? Haloo?"

Nikasimama.

"Bibi, umekufa."

"Nani?"

"Mtandao!"

Akachomoa waya, akachomeka. Taa ikawaka, ikazima. Akachomoa tena. Machozi yalishamfika. "Alikuwa ananiambia mguu ulianza lini, bibi. Nimemwacha katikati. Nimemwacha!"

Umeme ulikuwepo. Nikaukamata ule waya mweupe, nikaufuata kwa mkono kutoka dirishani, ukutani, chini ya mfereji, uwanjani, mpaka kisimani.

Juu ya dishi kulikuwa na bati. Bati zima, zuri, limewekewa na jiwe lisipeperuke.

"Nani ameweka bati hapa?"

Sadallah akazima mashine, akavuta kitambaa kutoka usoni, wa njano mpaka kope.

"Mimi, mtani. Shukrani utanipa nikitoka kuswali."

"Sadallah!"

"Umefunika mdomo wa kisima, ukasahau sinia lake. Ningeliacha wazi lijae salfa? Sinia linatazama juu kutwa nzima, linasubiri nini kama si kinachoshuka?"

"Linashusha mtandao!"

Akawaza. "Basi mtandao wenyewe ungekuwa na salfa."

"Mungu aliwaleta Wamakua kutujaribu."

"Na Wamakonde akawaleta wasijue kusema ahsante."

Nikasukuma jiwe, nikavuta bati. Kwa siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile nililitupa bati chini bila kucheka. Dishi likageuka kidogo, likainama, likatulia. Kutoka chumbani nikasikia sauti ya Loveness ikianza upya, inakwenda mbio. Nikarudi kizingitini; vile vya masikioni alishavivua alipohangaika na waya, na sauti zote zilikuwa nje.

Bibi wa Mnyambe hakuwa amekata. Alikuwa amekaa anasubiri, kama sisi wazee tunavyosubiri kila kitu.

"Mjukuu, ulikwenda kuchota maji?" akamuuliza.

Loveness akamgeuzia daktari na hilo. Daktari akacheka kwa sauti. Wakamaliza mambo ya mguu, bibi akaambiwa apelekwe wapi na lini, akaomba dua ndefu, akaondoka. Daktari akaaga.

Akabaki Bwana Anselmo peke yake kwenye kioo. Mtu mzima, miwani, shati la mikono mirefu.

"Loveness, daktari amekupenda," akasema. "Yule bibi amesema tangu aanze kuumwa hajasikilizwa namna hii. Kazi unaiweza. Kwa upande wangu ni yako."

Nikashika mlango.

"Limebaki moja. Mtandao wako ulikufa kabisa, halafu ukarudi kama vile haukuwahi kuondoka. Laini haifanyi hivyo, laini inakufa kidogo kidogo. Unatumia mtandao gani?"

Loveness akautazama ule waya mweupe dirishani.

"Unielewe. Ukiwa na faiba, hatuna la kuuliza. Dishi la hapa nchini, nitumie usajili wake tumalize. Lakini kama ni dishi la kuvushwa, niambie sasa. Wapo wenzako nimewaondoa kwa hilo, na walikuwa wazuri. Nitaandika nini?"

Namjua Loveness. Alipokuwa mdogo akilamba sukari, alikuja mwenyewe kunionyesha ulimi. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, mimi wa umoja wa akina mama kanisani, mimi ninayeitwa kusuluhisha ndoa za watu. Nilimwona anavuta pumzi. Nikajua neno linalokuja. Nikaliona basi la Jumamosi, na kichwa cha Anastasia dirishani, kinazidi kuwa kidogo.

"Faiba," nikasema.

Loveness akageuka. Macho yake, wasomaji wangu, sitayaeleza.

"Nani huyo?" Bwana Anselmo akauliza.

Nikasogea mpaka nikajiona kwenye kioo, kanga shingoni, salfa kwenye nyusi. "Ni mimi bibi yake, baba. Tunatumia faiba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Faiba, huko Makote?"

"Ndiyo, hapa hapa."

"Na kukatika kule?"

"Umeme." Uongo ni kama mabibo. Likishadondoka la kwanza, mengine yanafuata yenyewe. "Umeme ulikatika, baba, ukarudi."

Nilitegemea aandike, aseme kwaheri. Badala yake alivua miwani. Uso wake wote ukafunguka.

"Mama, unajua umenipa habari gani? Muda wote huu ofisi inatafuta kijiji kimoja huko juu chenye faiba, tufungue chumba cha daktari. Wagonjwa waje, waketi, wapimwe. Tumeambiwa hakuna. Kumbe iko mpaka nyumbani kwa Loveness!"

"Bwana Anselmo..." Loveness akaanza.

"Chumba hicho utakisimamia wewe, Loveness. Hapo hapo kwa bibi yako. Hutahangaika kwenda popote." Alikuwa anaandika huku anasema. "Jumatatu nipo Masasi na fundi wetu. Tutapanda asubuhi. Mama, wewe mwenyewe utanionyesha uzi unapoingilia ndani ya nyumba."

"Karibuni," nikasema. Ningesema nini?

Akaaga. Kioo kikawa cheusi.

Loveness akaviokota vile vya masikioni, akavipanga mezani taratibu, kimoja baada ya kingine. Nilingoja anipigie kelele. Hakunipigia.

"Bibi, nilikuwa nataka kumwambia ukweli na kumwomba mwezi mmoja tupate dishi letu lililosajiliwa," akasema. "Alikuwa ameshanipenda. Angenipa."

"Hukujua kama angekupa."

"Na sasa hatutajua."

Akainuka, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja vigauni vya Anastasia. Anakunja vizuri, kama nilivyomfundisha, mikono ndani kwanza.

"Unakunja za nini?"

Akachukua kigauni kingine.

"Loveness, mama yangu. Unakunja za nini? Kazi umepata!"

"Nimepata kazi ya kutunza siri za wagonjwa, bibi, na nimeianza hivi."

Nikaketi kitandani. Nje mashine ya Sadallah ilikuwa imenyamaza, ameshakwenda zake msikitini na moyo mweupe.

Loveness akachukua simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Nikasikia ikiita. Nikasikia sauti ya mwanangu.

"Ee, Loveness. Imekuwaje huko?"

Alinitazama mimi alipokuwa anamjibu.

"Shikamoo, mjomba. Bibi yupo hapa. Ana neno la faiba anataka kukwambia."

Akaninyooshea simu, na mkono wake ukabaki pale pale hewani mpaka nilipoipokea.

"Mama?" Gerson akasema. "Mama, kuna nini?"